Kabati la Funguo Mbili

Kabati lilikuwa limevunjwa na mtu asiyejua kuvunja.

Inspekta Hudhaifa aliliona hilo kabla hajavuka kizingiti cha chumba cha mitihani. Mlango wa chuma ulikuwa umebonyea hapa na pale, rangi imebanduka, na nondo iliyofanya kazi hiyo imelazwa sakafuni mahali ambapo hata kipofu angejikwaa nayo. Ndani, bahasha kubwa zenye vitabu vya majibu ya wanafunzi zilikuwa zimepangwa somo kwa somo, hazikuguswa. Isipokuwa moja. Somo la Takwimu, mwaka wa tatu, lilikuwa limeacha pengo kwenye rafu ya kati.

"Nani kaona mwanzo?" aliuliza.

"Mie, Afande." Aliyejibu alikuwa Bi Samiha, katibu wa Bodi ya Mitihani, mwanamke wa makamo aliyekuwa akizungusha pete kidoleni kana kwamba anataka kuitoa. "Nilikwenda nyumbani kupika. Nimerudi alasiri hii nikakuta hivi."

Ilikuwa siku ya Ijumaa. Chuo kikuu hiki kidogo kiko juu ya kilima nje ya mji wa Wete, na Ijumaa mchana hubaki mahame. Wanaume wako misikitini, wanawake wako majumbani, na mlinzi naye ana dini yake. Lango huachwa wazi, kwa imani kwamba mwizi pia ameenda kuswali.

Hudhaifa alichuchumaa mbele ya kabati. Lilikuwa na vitasa viwili, kimoja juu na kimoja chini. Alizipapasa ndimi zake. Zote mbili zilikuwa zimenyooka, hazina hata mkwaruzo.

"Sajenti, njoo uone."

Sajenti Mize, aliyekuwa akipaka unga wa kuchukulia alama za vidole, aliinama kando yake.

"Mlango ungepigwa ukiwa umefungwa, ndimi hizi zingepinda," alisema Hudhaifa. "Tena tazama huku kwenye ukingo wa ndani. Hapa pamebonyea. Mlango ukifungwa, hapa nondo haifiki."

"Umepigwa ukiwa wazi," alisema Mize.

"Umefunguliwa kwa ufunguo, kisha ukapigwa ili sisi tuseme umevunjwa." Aliinuka akamgeukia Bi Samiha. "Funguo ziko wapi?"

"Ziko mbili, kila kitasa na wake. Mmoja ninao mie, mmoja anao mwenyekiti wa Bodi. Ndiyo sheria ya chuo, mtu asiweze kufungua peke yake."

"Wako leo ulikuwa wapi?"

"Mkobani mwangu."

Alijibu upesi mno, kisha akatazama chini. Hudhaifa hakumsukuma. Alikuwa askari wa muda mrefu na alijua kwamba uwongo wa mtu mwema hauendi mbali, huchoka njiani.

"Bahasha hii ina nini hata itafutwe?"

"Jumatatu kuna rufaa. Mwanafunzi kapinga alama zake za Takwimu. Mtahini wa nje anakuja kutoka Unguja, afungue bahasha mbele ya Bodi, asahihishe upya. Ikifunguliwa ya mmoja, hupitiwa za darasa zima ili alinganishe."

"Na bila vitabu vya majibu?"

"Rufaa hufutwa. Matokeo ya Bodi hubaki yalivyo." Bi Samiha alishusha sauti. "Na yakibaki, binti huyo anaachishwa chuo. Hili somo alishafeli mara moja, hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho."

"Anaitwa nani?"

"Raniya Zahran."

Hudhaifa aliliacha jina hilo lipite, lakini halikupita. Wete nzima ilikuwa na Zahran mmoja wa kutajwa chuoni, naye ndiye aliyekuwa akipanda ngazi wakati huo, fimbo yake ikitangulia.

Dokta Zahran alikuwa mkuu wa kitivo na mwenyekiti wa Bodi ya Mitihani. Ukoo wake ulikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani, siku hizi umebakiwa na kijishamba kimoja na jina, na yeye alilitunza jina hilo kuliko shamba. Kabla ya chuo alikuwa mwalimu wa sekondari, na mmoja wa vijana aliowafundisha hesabu mpaka wakazielewa alikuwa Hudhaifa mwenyewe. Ndiyo maana hakuna aliyemwita Dokta. Alikuwa Maalim tu.

"Shikamoo, Maalim." Hudhaifa aliinama akambusu mkono.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia nimekuja." Mzee alilitazama kabati muda mrefu. "Watu hawana haya siku hizi."

Hapo ndipo inspekta alipopaswa kuuliza swali la kwanza linalofundishwa chuo cha polisi: ulikuwa wapi wakati wa tukio? Lakini wakati wa tukio ulikuwa wakati wa sala ya Ijumaa. Kumuuliza Maalim alikuwa wapi saa hiyo ni kumuuliza kama ameswali, na kumuuliza mtu mzima kama ameswali, tena mtu aliyekufundisha, ni jambo ambalo ulimi wa Hudhaifa haukuumbiwa. Aliuliza badala yake kama ufunguo wake upo.

Maalim aliutoa mfukoni, akauonyesha, akaurudisha.

"Ahsante, Maalim," alisema Hudhaifa. Upelelezi ukalala hapo mpaka kesho yake.

*

Kesho yake alianza na Suhail, mhadhiri kijana aliyesahihisha mtihani wa Takwimu. Ikiwa kuna mtu wa kuogopa karatasi zake kusahihishwa upya, ni yule aliyezisahihisha mwanzo. Walikaa kituoni, chumba cha mahojiano, Sajenti Mize akiandika.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Chake Chake, kwenye khitma ya mjomba wangu. Nimeswali huko, nimerudi jioni. Watu wote wameniona."

"Tutawauliza. Raniya anasema nini katika rufaa yake?"

"Kwamba aliandika vitabu viwili nami nimesahihisha kimoja."

"Kweli?"

Suhail alijifuta jasho. "Sijui, Afande. Nilikuwa na mabunda mengi, tarehe ya mwisho imefika. Mie nakumbuka kimoja. Lakini siwezi kuapa."

"Basi bahasha ile ingekuumbua."

"Ingeniumbua. Lakini sikuichukua mie. Ufunguo mie sina."

Hilo lilikuwa kweli, na Hudhaifa alilijua. Alivuta kiti karibu.

"Nieleze Bodi inavyofanya kazi. Nichukulie mie sijasoma."

"Mwanafunzi hana jina, ana namba. Nasahihisha kwa namba, naleta alama kwa namba. Wajumbe wanakaa mezani wanapitia namba moja moja. Majina yamo kwenye bahasha ya lakiri kwa Bi Samiha, haifunguliwi mpaka alama zote zimekubaliwa."

"Na mjumbe mwenye mtoto darasani?"

"Namba ya mwanawe ikifika, anatoka nje. Maalim alisema tangu mwanzo wa kikao: binti yangu yumo, namba yake naijua, ikifika nitatoka."

"Akatoka?"

Suhail aliacha kujifuta jasho. Kalamu ya Mize nayo ilisimama.

"Katoka mara mbili," alisema mwishowe.

"Ana watoto wawili?"

"Ana mmoja." Kijana alikuwa akiongea na meza sasa. "Mara ya kwanza tulifika namba kumi na nne. Maalim kainuka, kachukua fimbo, katoka. Hakusema kitu. Kumi na nne alikuwa na alama thelathini na nane, na kufaulu ni arubaini. Tukatazamana. Mmoja kasema alama mbili si kitu. Mwengine kasema mtihani wenyewe ulikuwa mzito. Hakuna aliyetaja jina la mtu, Afande, wallahi hakuna. Tukamtilia arubaini."

"Kisha?"

"Kisha Maalim karudi, kakaa. Tukaendelea. Tulipofika thelathini na moja, kainuka tena, katoka."

"Na thelathini na moja alikuwa na ngapi?"

"Thelathini na nne. Tukasema, Maalim ana sukari, kenda chooni. Tukampitisha kafeli."

Hudhaifa alikwishafahamu, lakini kazi yake ilikuwa kusikia.

"Bahasha ya majina ilipofunguliwa?"

"Kumi na nne alikuwa Ummi Khatib, binti wa mvuvi wa Chokocho. Thelathini na moja alikuwa Raniya."

"Mara ile ya kwanza ndiyo aliyokwenda chooni."

"Ndiyo, Afande."

"Wasomi watupu mmekaa mezani. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza: Maalim, unatoka kwa sababu gani?"

Suhail aliinua uso kwa mara ya kwanza, na alionekana kushangaa kikweli.

"Utamuuliza mtu mzima anakwenda wapi?"

Mize alicheka puani, akajizuia. Hudhaifa hakucheka. Alijikumbuka mwenyewe mbele ya kabati, midomo imefungwa, akiuliza habari za ufunguo.

"Mlipojua mmekosea, mbona hamkurekebisha?"

"Tungesemaje? Tumnyang'anye Ummi alama mbili, tueleze tulimpa kwa nini, Maalim mwenyewe yupo kichwani pa meza? Kila mtu katazama karatasi yake. Maalim kasoma ile arubaini, kasoma thelathini na nne. Nikamwona uso unabadilika, nikajua kaelewa. Katia saini. Tukaombewa dua, tukaagana."

"Hakusema neno?"

"Hata moja. Na sisi toka siku hiyo tukipishana naye tunasalimiana kama watu wa msibani."

*

Raniya alikuja baada ya adhuhuri, amevaa baibui na mtandio wa rangi ya maziwa, macho yamevimba. Mize alimpa maji, akakaa naye upande mmoja wa meza.

"Nieleze kuhusu hicho kitabu cha pili," alisema Hudhaifa.

"Cha kwanza kilijaa. Nikaomba cha nyongeza kwa msimamizi, nikakifunga kwa uzi nyuma ya cha kwanza. Maswali mawili yote yako huko. Mepesi kwangu, nilikuwa nimeyasoma mpaka nayaota."

"Una hakika?"

"Nilikuwa na hakika, Afande. Sasa sijui. Watu wakikutazama kwa huruma muda mrefu, unaanza kujishuku."

"Matokeo yakibaki hivi?"

"Nadisko. Miaka mitatu yote inakwenda, hata cheti sipati." Aliyasema polepole, kama mtu anayeyasoma ukutani.

"Baba yako alisemaje juu ya rufaa?"

Binti alisita. Aliutazama mlango kwanza.

"Kasema niache. Kasema rufaa ya mtoto wa mwenyekiti ni fedheha. Watu watasema kakosa kwa haki, sasa anataka kwa jina. Nikamwambia, baba, mie nadai karatasi yangu isomwe, sidai jina lako." Alivuta pumzi. "Sijawahi kumjibu vile maishani mwangu. Toka hapo hasemi nami ila la lazima."

Hudhaifa alimruhusu aende. Alipotoka, Mize alifunga jalada.

"Afande, tunamtafuta nani hasa?"

"Mtu mwenye funguo mbili," alisema Hudhaifa. Hakutaka kusema zaidi ya hapo, hata kwa Mize. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye alikuwa amekwisha kushika ndoo.

Magharibi alikwenda kuswali msikiti wa mtaani kwao, Jadida. Safu ya kwanza, karibu na dirisha, alikaa Maalim Zahran, pale pale anapokaa miaka yote. Hudhaifa alisimama safu ya nyuma yake, kama alivyosimama jana kwenye Ijumaa. Na hapo, mikono imefungwa kifuani, alikumbuka kwamba jana mahali pale palikuwa patupu.

Alikuwa amepaona. Watu wa safu nzima walikuwa wamepaona, wakaacha nafasi, wakangoja, kisha wakasogea wakaiziba. Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijisemea moyoni kwamba mzee ana sukari. Yeye naye, Inspekta wa Polisi, alijisemea hivyo hivyo, akaenda zake kula pilau, na saa moja baadaye akasimama mbele ya kabati akijifanya anatafuta shahidi. Shahidi alikuwa yeye. Aliona haya iliyomshika mpaka masikioni, na sala yake siku hiyo anajua mwenyewe ilivyokuwa.

*

Jumapili asubuhi alikwenda nyumbani kwa Bi Samiha. Hakukaa.

"Bi Samiha, sikuulizi habari za mtu. Nakuuliza habari za ufunguo. Ijumaa ulikuwa mkobani mwako?"

Mwanamke alishika mlango. Machozi yalimtoka kabla ya maneno.

"Haukuwapo."

"Ulikuwa kwa nani?"

"Alhamisi kaja ofisini kwangu. Kanambia, Samiha mwanangu, nipe ufunguo wako, ntakurejeshea. Nikampa."

"Hukumuuliza wa nini?"

"Mie nimuulize Maalim?"

"Sheria inasema funguo ziwe mbili ili muulizane."

"Sheria kaiandika yeye, Afande." Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Kanirejeshea Ijumaa jioni, nyie mshaondoka. Hakusema kitu, nami sikusema kitu. Kautia mkononi mwangu tu, kaondoka. Nikafunga mlango nikalia. Nilimsitiri. Sasa namuona yule binti yake anapita na macho yake yale, najiuliza nimemsitiri nani."

Hudhaifa alimwambia afike kituoni kuandika maelezo, akaondoka bila kumlaumu. Angemlaumu kwa uso gani?

Nyumba ya Maalim ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake. Alimkuta sebuleni peke yake, msahafu umefungwa juu ya marufaa. Alikaribishwa, akakaa, akaulizwa hali za watoto, akajibu. Kahawa ililetwa. Alikunywa kikombe kizima akitafuta njia ya kuuliza lisiloulizika.

"Maalim," alisema, "hotuba ya Ijumaa ilikuwa juu ya nini?"

Mzee aliweka kikombe chini.

"Ulikuwapo wewe," alisema.

"Nilikuwapo."

"Basi hukuja kuniuliza hotuba."

"La, Maalim."

"Mie nilikufundisha kuuliza swali, Hudhaifa. Nilikuwa nikikwambia, swali lililopinda hupata jibu lililopinda. Uliza lako."

Hudhaifa aliinua macho, na ilimgharimu. "Wewe ndiye uliyechukua bahasha?"

"Mimi."

Inspekta alimpa onyo kama sheria inavyotaka: kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema laweza kutumika kuwa ushahidi mahakamani. Maneno hayo alikuwa ameshayasema kwa wezi wa karafuu na wapiga visu, lakini siku hiyo aliyakosea, akayarudia mara mbili. Kisha akampeleka kituoni kwa gari lisilo na nembo, bila pingu, mzee amekaa mbele.

*

Maelezo ya onyo yaliandikwa chumba kile kile alichokaa Suhail.

"Zipo wapi karatasi?"

"Nimezitia moto pamoja na makumbi ya nazi, jana asubuhi, shambani kwetu Wambaa. Majivu utayaona nyuma ya banda."

"Kwa nini, Maalim?"

"Kwa ajili ya yule binti wa Chokocho." Alikuwa ameshaliandaa jibu hili, lilitoka limenyooka. "Bahasha ingefunguliwa, mtahini angeona karatasi ya Ummi ina thelathini na nane na Bodi imeandika arubaini. Angevuliwa alama zake mtoto wa maskini kwa kosa letu sisi. Nikasema bora nibebe mimi."

Mize aliandika. Lilikuwa jibu zuri. Mahakama ingelipenda, na mtaa ungelipenda zaidi. Hudhaifa naye alitaka kulipenda. Lilimpa Maalim nguo ya kuvaa. Lakini kuna kitu hakikukaa sawa.

"Na Raniya?"

"Raniya alifeli."

"Ulijuaje?"

"Bodi ilisema."

"Bodi ilisema na Ummi amefaulu." Hudhaifa aliweka mikono mezani. "Maalim, umesahihisha karatasi tangu mie sijazaliwa. Hujapata kushika karatasi ya mwanafunzi usiisome. Ulikuwa na ya mwanao mkononi, shambani, peke yako. Uliisoma?"

Mzee aliyageuzia macho ukutani.

"Kitabu cha pili kilikuwapo?"

Maalim Zahran alivua kofia yake, akaiweka magotini. Hudhaifa hakuwahi kumwona bila kofia.

"Kilikuwapo," alisema. "Kimefungwa kwa uzi, nyuma. Suhail hakukifungua. Hakuna hata alama moja ya kalamu nyekundu."

"Na majibu?"

"Sahihi. Swali la kwanza lote. La pili kakosea kidogo mwishoni. Nilimpigia hesabu palepale, juu ya gunia. Angepata zaidi ya hamsini."

Mize aliacha kuandika.

"Kisha ukazitia moto," alisema Hudhaifa.

"Nikazitia moto."

"Ungeweza kuzirudisha."

"Ningerudisha vipi? Nizirudishe, wasome, wakute binti wa mwenyekiti kafaulu kwa kitabu cha pili ambacho hakikuonekana mwanzo, baada ya bahasha kulala kwa baba yake? Nani angeamini? Wangesema mzee kamwandikia. Wangekumbuka na ile arubaini, wangesema Bodi ilipandisha kwa sababu Zahran aliomba. Mimi sikuomba, Hudhaifa. Miaka yangu yote sijamwomba mtu. Nilikwenda kukojoa." Sauti ilimvunjika. "Nilikwenda kukojoa, wakanipa sadaka nisiyoiomba. Nikaiona kwenye karatasi, nikatia saini kwa sababu kusema ni kuwaaibisha. Halafu nikaona heri afeli yeye akiwa na jina safi la babake, kuliko afaulu watu wanacheka. Atapata mume, nilisema. Atapata kazi nyengine. Jina likishavunjika haliungwi."

Akainamisha kichwa. "Andika ya Ummi, mwanangu. Hii nyengine usiiandike. Mwambie Raniya nimeiba. Usimwambie nilisoma."

Hudhaifa aliitazama kalamu mkononi mwa Mize. Alikuwa amelelewa na adabu ile ile, na kila mshipa wake ulimwambia amfunike mzee. Ombi lilikuwa dogo, mistari michache tu. Lakini vitabu vilikuwa majivu, na duniani palikuwa na mtu mmoja aliyesoma majibu ya Raniya. Ushahidi wake peke yake ndio uliobaki wa kumpelekea mtahini kesho.

"Siwezi, Maalim," alisema. "Nikikusitiri wewe, namzika yeye. Bila mstari huo anadisko."

"Nani atauamini?"

"Mtu akijisemea jema, watu hushuku. Hili ni la kukuaibisha. Wataliamini."

Mlango uligongwa. Askari wa zamu alisema binti wa Maalim yuko nje, ameleta chakula na dawa za sukari. Mzee alitikisa kichwa kukataa, lakini Raniya alikuwa ameshafika mlangoni na bakuli lake. Alimwona baba yake bila kofia. Akaliweka bakuli mezani.

"Maalim," alisema Hudhaifa kwa upole, "ama useme wewe, ama nitamsomea mimi."

Mzee alisema akiitazama kofia yake.

"Ulifaulu, Raniya. Kitabu cha pili nilikiona. Nilisoma chote. Kisha nikakichoma."

Raniya hakulia. Alisimama akifikiri, kama anayepanga siku kichwani mwake.

"Ulikichoma lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana mchana ulirudi kutoka shamba, nikakutilia wali. Nikakwambia, baba, pengine kweli sikuandika kitu, pengine nimejidanganya mwenyewe. Ukanambia nikubali. Ukanambia kukubali ndiyo mwanzo wa kupona." Alisogea mezani. "Ulikuwa umeshasoma?"

Maalim Zahran aliikunja kofia yake mkononi.

"Nilikuwa nimeshasoma."

Raniya alilivuta jalada kutoka mbele ya Mize, akaligeuza likamwelekea baba yake. Akachukua kalamu, akaiweka juu yake.

"Basi tia saini, baba."

Akatia. Hudhaifa alisaini chini yake kuwa shahidi, na Mize akapiga muhuri. Bakuli lilibaki mezani limefunikwa, na hakuna kati yao wanne aliyethubutu kumtazama mwenzake.